Lugha nimeitunga mwenyewe, mbona ulimi haunitii?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 23, nakaa Majengo, na mchana nauza duka la leso hapa Biashara Street, Mombasa. Tangu kidato cha pili natunga lugha yangu mwenyewe, naiita Kizaloki. Ina maneno kama 1,800, mengine kwenye madaftari, mengine kwenye simu. Kitendo hukaa mwanzo wa sentensi, jina lina viishio 14 vya hali, yaani vya kuonyesha jina linafanya kazi gani katika sentensi, kitendo nacho hubadilika kufuatana na kama jambo nimeliona kwa macho au nimelisikia tu, na hesabu zake zinakwenda kwa nane badala ya kumi. Nimeshaandika mashairi kwa lugha hii. Lakini nikitaka kusema jambo dogo, kwamba chai imepoa, natoa macho mpaka nifungue daftari, ingawa najua fika kwamba ni “lumori kesan”. Nimemfundisha binamu yangu wa Kisauni, naye tukishasalimiana tumemaliza. Je, nihifadhi kamusi yote kwanza? Nimfundishe mdogo wangu wa miaka 6 ili nipate wa kuzungumza naye? Na mama anauliza kama akili zangu ni timamu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mama, maana ndilo jepesi. Akili zako hazina neno. Huko Ujerumani katika karne ya 12, Hildegard wa Bingen, mkuu wa nyumba ya watawa, alijitungia msamiati wa maneno kama 1,000, na Kanisa lake leo linamhesabu mtakatifu. Hapa kwetu Afrika, K. A. Kumi Attobrah wa Ghana alichapisha lugha aliyoiita Afrihili mwaka 1970, akichota katika Kiswahili, Kiakan na lugha nyingine za bara hili, kwa nia ya kuwapa Waafrika lugha moja. Na miaka ya 1930, miongoni mwa Waibibio wa kusini-mashariki mwa Nigeria, waumini wa kanisa moja walipata lugha yao ya Medefaidrin pamoja na maandishi yake, wakaitumia kwa sala na nyimbo. Msomee mama haya. Akizidi kuuliza, mwambie hujamvunjia mtu sahani.

Hiyo Medefaidrin ikumbuke, tutaihitaji mbele.

Sasa la ulimi. Kazi yangu ni kuwafundisha wageni Kiswahili hapa mjini. Kila mara hupata mwanafunzi anayezijua ngeli kuliko watu wa nyumbani kwangu. Atakuchorea jedwali la KI-VI na kila kiambishi mahali pake, kisha akifika kwa muuza madafu kule Mama Ngina anaonyesha kwa kidole. Jedwali analo kichwani, wala hadanganyi. Ila halimfikii kwa wakati.

Na wakati wenyewe ni mdogo mno. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha mazungumzo katika lugha 10 za pande mbalimbali za dunia, wakapima muda unaopita baina ya mtu kumaliza kuuliza na mwenzake kuanza kujibu. Wastani ulikuwa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Hapo hapana nafasi ya kupitia viishio 14, ukanusa kimoja kimoja, ukachagua. Anayejibu kwa kasi hiyo hachagui kitu. Kishazi kimeshazoeleka kinywani, yeye anakitoa tu. Wewe unakijua Kizaloki kama fundi anavyoijua kazi aliyoifanya kwa mkono wake, na huo ni ujuzi wa haki, lakini ujuzi wa msemaji ni mwingine, na haupatikani kwa kuongeza ule wa kwanza. Ungeweza kukaa miaka mingine kumi ukiboresha sarufi na chai ikakupoa vile vile.

Kuna jambo jingine, na hili wageni wangu hawana. Mgeni akisita katikati ya sentensi, anajiuliza neno gani. Wewe ukisita unajiuliza neno gani, halafu unajiuliza kama neno lenyewe bado unalipenda. Wewe ndiye mwanafunzi na wewe ndiye mwenye amri, na mwenye amri hamwachi mwanafunzi amalize kusema. Hebu niambie kweli: Kizaloki cha mfungo mosi ndicho hiki cha leo? Sidhani. Mtu anayehamisha mlango wa nyumba yake kila juma asishangae akijigonga ukutani usiku.

Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi hata neno moja, ifunge sarufi. Chukua daftari jipya, inakili yote kama ilivyo leo kwa kurasa chache, andika tarehe juu, na kwa miezi mitatu usiiguse. Kiishio usichokipenda kitumie hivyo hivyo na ubaya wake. Najua ninachokuomba. Kwa mtunzi, kutunga ndiyo raha, na kurudia sentensi ile ile ya chai ni adhabu. Lakini umeniuliza habari ya kuzungumza, hukuniuliza habari ya kutunga, na mara nyingi vitu hivi viwili hugombania saa zile zile za usiku.

Wapo waliochagua kutunga, na hakuna aliyewalaumu. J. R. R. Tolkien, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu Oxford, alizirekebisha Quenya na Sindarin, lugha alizozitunga mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 1973. Utamu kwake ulikuwa kufuatilia jinsi neno linavyozeeka na kugeuka kizazi hata kizazi, na katika hilo hana mfano, ila hakuacha lugha ambayo yeye mwenyewe angeagizia kikombe cha chai bila kufikiri. John Quijada wa Marekani aliitoa Ithkuil mwaka 2004, lugha inayoshindilia maana nyingi ndani ya neno moja, na mwenyewe amesema waziwazi kwamba hawezi kuizungumza kwa ufasaha. Hakuitunga kwa shabaha hiyo.

Yule wa kumwangalia wewe ni Ludwik Zamenhof. Mwaka 1878, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari huko Warsaw, alikuwa na lugha iliyokamilika karatasini, akaisherehekea pamoja na wenzake wachache. Lakini kitabu chake hakikutoka hadi 1887. Katika barua aliyomwandikia Nikolai Borovko alisimulia alivyoitumia ile miaka ya katikati: alitafsiri kwa wingi, akatunga vya kwake, akaona kwamba mengi aliyodhani yamekwisha kwenye karatasi yalikuwa bado kabisa yanapofika kwenye matumizi. Mengine akayakata, mengine akayabadilisha. Mwishowe akaacha kutafsiri neno kwa neno, akajilazimisha kufikiri moja kwa moja katika lugha yenyewe, na hapo ndipo alipoona inaanza kuwa na roho yake, si kivuli cha lugha nyingine tena. Hiyo ndiyo Esperanto. Mwaka 1905, katika mkutano wa Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, misingi yake ikatangazwa kuwa haiguswi na mtu yeyote, yeye mtunzi akiwemo.

Angalia vizuri alichokuwa akikibadilisha. Alibadilisha kile ambacho kalamu na mdomo vilikikataa alipokitumia. Hakubadilisha kitu kwa sababu usiku mmoja kilimchosha macho.

Basi twende dukani kwako, maana nikisoma barua yako naona umejaaliwa mahali pazuri kuliko unavyojua. Duka lina sentensi chache zinazorudi tangu asubuhi hadi magharibi: hii bei gani, rangi hiyo imekwisha, ngoja nikushushie ile ya juu, ifungue uione, hapunguzi mwenye duka. Zile unazozisema kweli, kila siku, ziandike usiku kwa Kizaloki, sentensi nzima nzima. Ukishaziandika usizichambue tena. Zishike kwa sauti, kama unavyoshika wimbo.

Tuanze na hiyo “lumori kesan” uliyoniletea. Usiitengeneze upya kila mara kwa kukumbuka kwamba kitendo kinatangulia, kisha -ri ya kuona, kisha kiishio cha jina. Chai ya saa nne ikifika na mahamri yake, gusa kikombe, sema lumori kesan. Ikiwa bado ina moto, sema haijapoa. Kesho uji, keshokutwa maji ya kuoga: badilisha jina tu, mengine yaache yalivyo, mpaka “lumori” itoke kabla hujaikusudia. Jirani akipita mlangoni akakuambia stima itakatwa mchana, hilo hukuliona, umeambiwa, basi kiishio kinageuka kuwa cha kusikia. Hapa ndipo lugha yako ina utamu ambao Kiswahili chetu hakiulazimishi, na ndipo ningekaa sana kama ningekuwa wewe. Mtaa mzima wa Biashara unaishi kwa habari za kusikia: meli fulani imechelewa, mzigo umekwama bandarini, fulani amefunga duka, fulani anaoza binti. Kila tetesi inayoingia ni zoezi la kiishio cha kusikia, na kila kinachopita mbele ya macho yako, tuktuk, mkokoteni, mama aliyebeba mfuko wa mchele, ni zoezi la -ri. Baada ya majuma kadhaa utajikuta unasikia mtu akisema Kiswahili na moyoni unajiuliza: huyu ameona au ameambiwa? Likikutokea bila kulitafuta, ujue kiishio hicho kimeshatoka daftarini.

Mchana yote haya yafanye kimoyomoyo, wateja wasije wakakukimbia. Usiku, hata hivyo, mdomo lazima ufunguke. Ulimi nao una viungo vya kuzoeza, na sauti unayoisikia kichwani hukudanganya kwamba imetoka sawasawa. Chukua simu, jirekodi dakika mbili ukisimulia siku ilivyokwenda, kwa Kizaloki tupu, bila daftari, bila kurudi nyuma kusahihisha. Sikiliza kesho yake. Usisikilize makosa kwanza. Sikiliza ulipokwama, ukaandike ulipokwama palikuwa mbele ya nini: mbele ya jina, mbele ya kiishio, au mbele ya sauti ngumu. Wengine hugundua kwamba sarufi haikuwa na shida yoyote, bali walijiwekea konsonanti nne zilizobanana ambazo mdomo wa Mswahili hauzipiti kwa mwendo wa mazungumzo.

Halafu kuna mali iliyokuzunguka rafuni na hujaigusa. Kila leso ina jina lake, maneno machache tu, yamejaa fumbo. Usiyatafsiri hayo ya Kiswahili, utabaki kuburuta Kiswahili ndani ya Kizaloki. Fanya hivi: mama aliyekunja uso, akarudisha leso tatu kwa hofu kwamba maneno yake yatamchokoza wifi, akishatoka jiulize ungemwandikia jina gani wewe, kwa maneno uliyonayo sasa hivi. Maneno manne au matano yatosha. Jina la leso halina nafasi ya viishio vya kujionyesha, wala huna muda, maana mteja mwingine anaingia.

Na utakwama, tena sana. Utataka kusema chenji na neno la chenji hujalitunga. Marufuku kulibuni pale pale. Lizungukie: pesa inayorudi, pesa iliyobaki mkononi mwangu. Huko kuzunguka ndiko nusu ya ufasaha, nawaambia hivyo hata wageni wangu wa Kiswahili. Sonja Lang wa Kanada alitoa Toki Pona mwaka 2001 ikiwa na maneno kama 120, na wapo watu waliojifunza kupiga soga kwa lugha hiyo kwa majuma machache tu, kwa sababu wote wanajua kuzunguka. Wewe una 1,800 na chai imekushinda, kwa hiyo shida yako si uchache wa maneno. Ukishalizungukia jambo, liandike katika ukurasa wa madeni. Ijumaa jioni ufungue. Ulilolikosa mara moja liache, ulilolikosa juma zima litungie neno. Kufunga sarufi hakukukatazi maneno mapya, ila yawe ya Ijumaa, na yawe yale tu yaliyodaiwa na maisha.

Umeniuliza uhifadhi kamusi yote. Hapana. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alifanya jambo linalofanana kabisa na lako: alijitungia silabi zisizo na maana, zaidi ya 2,000, akawa anazihifadhi na kujipima mwenyewe, akatoa kitabu mwaka 1885. Saa moja baada ya kuhifadhi, zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imeshapotea. Akaona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanashika kuliko marudio yale yale yaliyorundikwa katika mkao mmoja. Sasa neno la Kizaloki ambalo hujawahi kulitamka ukiwa na njaa, au umekasirika, au unadai pesa yako, halina tofauti kubwa na silabi za bwana yule. Chagua maneno kama 300 ya nyumbani na dukani, uyatie ndani ya sentensi, sentensi uziandike kwenye kadi. Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, alieleza mwaka 1972 namna ya kuzipanga: vijisanduku kadhaa, kadi uliyoijibu vizuri inasonga kijisanduku cha mbele ambacho hufunguliwa mara chache zaidi, uliyoikosa inarudi cha kwanza. Maboksi ya viatu yanatosha. Programu za simu zipo pia, lakini kwa lugha ambayo ni yako peke yako, kuandika kadi kwa mkono kuna faida yake.

Kitu kimoja ningependa ukihifadhi chote: mashairi yako. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikaa vifuani mwa watu wa Mombasa miongo mingi baada ya yeye kufa, hadi Mwalimu Sikujua na William Taylor walipoyakusanya kwa kalamu mwishoni mwa karne ya 19. Shairi lililohifadhiwa hukaa na sarufi yake yote ndani, na siku utakaposahau kiishio, ubeti utakukumbusha kabla ya jedwali. Hayo mashairi uliyatunga ukiwa na daftari pembeni. Yaseme sasa bila daftari.

Hesabu za nane nitasema kwa ufupi kwa sababu sina matumaini nazo. Shilingi 350 za leso kwa hesabu yako zinaandikwa 536, yaani sitini na nne mara tano, nane mara tatu, na sita juu yake. Nimetumia kalamu kulipata hilo, na wewe utatumia kalamu pia, huku mteja amesimama. Noti, saa, tarehe, namba za simu, vyote vinavyokuzunguka ni vya kumi, kichwa hakitapata siku moja ya mapumziko kizoee. Pesa zihesabu kwa kumi. Hesabu ya nane ipe vitu vya kushika kwa mkono: leso pea nne ni vipande vinane, hapo ndipo “kumi” yako inapogota. Ikikaa, imekaa. Isipokaa, hujapoteza lugha.

Binamu wa Kisauni ndiye mtu muhimu kuliko daftari lolote, na naona mnautumia vibaya huo muda wenu. Mnakutana, mnasalimiana, halafu mnaangaliana, kwa sababu Kizaloki hakina shughuli ya kufanya baina yenu ambayo Kiswahili hakiifanyi vizuri zaidi. Bila shaka ulicheza Kinyume ulipokuwa mdogo, silabi ya mwisho inarukia mbele: maji yanakuwa jima, chakula kinakuwa lachaku. Mchezo ni wa zamani, hata Askofu Edward Steere aliuandika huko Unguja katika karne ya 19. Watoto wanakisema kama mvua, na hakuna aliyewapa jedwali. Ni kweli sarufi na maneno ni ya Kiswahili, kazi yao ni kupindua tu, lakini kasi yao inatoka mahali pamoja: wana siri, na mkubwa wa kumficha amekaa pale pale barazani. Medefaidrin nayo ilikuwa na kazi yake, ibada, na kazi hiyo ilirudi kila walipokutana. Ipeni Kizaloki kazi. Labda mipango yenu ya kutoka jioni isisemwe kwa lugha nyingine. Labda ujumbe wote wa WhatsApp baina yenu baada ya isha uwe Kizaloki, hata ukiwa mbovu. Kusengenya watu sikukushauri, ingawa najua ndiko mtakakoanzia.

Mkikutana, jaribuni zoezi ambalo walimu wa lugha wamelitumia tangu miaka ya 1980. Simulia kisa kimoja kwa dakika 4. Kisimulie tena kwa dakika 3. Kisha kwa dakika 2, kisa kile kile, bila kupunguza habari. Kwa kawaida kila mara msikilizaji huwa mpya, ili usichoke wala usimchoshe. Kwa kuwa huna watatu, mara ya kwanza msimulie binamu, mara ya pili simu, mara ya tatu binamu tena, naye akuulize maswali. Raundi ya kwanza utatafuta maneno, ya tatu maneno yatakuwa yameshapatikana, na ulimi hautakuwa na kazi nyingine ila kwenda.

Itafika siku binamu atasema kitu kwa Kizaloki ambacho daftari linasema si sahihi, nawe umeelewa barabara. Utatamani kumsahihisha. Jizuie. Lugha yako haina mzee wa kumwuliza, haina msemaji wa kuzaliwa, kwa hiyo kitu pekee kinachoweza kukuambia ipi sahihi ni mazungumzo yenyewe. Marc Okrand, aliyetunga Klingon kwa ajili ya filamu na kutoa kamusi yake mwaka 1985, anakubali bila taabu kwamba wapo wanaoizungumza kumshinda yeye. Miezi mitatu ikiisha, keti na zile rekodi, uhesabu viishio vilivyotoka mdomoni kati ya 14. Mimi nakisia vitano, au sita ukiwa na bidii. Vilivyobaki usivifute. Washairi wetu bado wanatumia Kingozi, Kiswahili cha kale cha mashairi, ambacho hakuna anayenunulia samaki pale Marikiti, na hakuna aliyesema Kingozi kiondolewe. Viweke kwa mashairi, na katika mazungumzo tumia vile vitano. Kosa linalojirudia vile vile kwenu nyote wawili, nalo liingize katika sarufi mpya, uandike tarehe, ufunge tena miezi mitatu.

Limebaki la mdogo wako. Watoto wanaweza, hilo halina ubishi: wapo watu duniani waliozaliwa na kuikuta Esperanto nyumbani mwao. Lakini hao walizaliwa na wazazi waliokuwa tayari wanaizungumza, na kulikuwa na watu wengine nje ya nyumba wa kuisikia kwao. D'Armond Speers, mtaalamu wa isimu wa Marekani, alimsemesha mwanawe Klingon tangu alipozaliwa, mama akimsemesha Kiingereza. Mtoto aliielewa, lakini vitu vingi vya nyumbani havikuwa na maneno, na kadiri alivyokua akaanza kuikataa, baba akaacha. Wewe huna ufasaha wa kumpa mtoto bado, na yeye ana watoto wote wa Majengo wanaomsubiri nje kwa Kiswahili. Usimfundishe. Mchezeshe tu, kwa amri: leta, kaa, fungua, ruka, nipe kile. Kizaloki kinaanza na kitendo, kwa hiyo amri ndizo sentensi zake nyepesi kuliko zote, na wewe ndiye utakayefaidika kwa sababu mtoto hasubiri ufikiri. Akikujibu kwa Kiswahili, sawa. Akichoka, mwache akacheze. Akianza kuyapindua maneno yako, akalifananisha neno gumu na jepesi kama watoto wa miaka 6 wafanyavyo, usimwambie kitu, yaandike pembeni ya daftari na tarehe yake.